Macho Yetu Yaona Hadi Wapi Ubavuni?

Keti, utazame mbele, usigeuze macho. Funika jicho la kushoto kwa kiganja. Sasa umwombe mwenzio apitishe kidole chake polepole kuelekea sikio lako la kulia. Utakiona mpaka kipite kidogo usawa wa bega, karibu nyuzi 100. Akikirudisha upande wa kushoto kitapotea mapema, karibu nyuzi 60. Nani amekificha? Ni pua yako mwenyewe! Kadhalika nyusi hukata sehemu ya juu, na shavu hukata ya chini.

Kwa macho mawili twaona karibu nyuzi 200, yaani nusu duara na zaidi kidogo. Twiga wa mbuga yetu ya Arusha, chini ya Mlima Meru, atushinda: macho yake yako ubavuni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote. Lakini mbega wa msitu huo huo ana macho ya mbele kama sisi. Macho mawili yakitazama tawi moja pamoja hupima umbali vizuri, naye huruka asianguke.

Nasi tulianza kama twiga! Katika mimba ya majuma sita macho ya mtoto yako ubavuni. Uso unapokua, husogea mbele, na pua husimama katikati. Hata akiisha kuzaliwa, kazi haijakwisha: mtoto mchanga huona ubavuni kidogo tu, na eneo hilo hupanuka sana katika mwaka wa kwanza.

Basi, wazazi mnaokaa kando ya barabara ya Arusha na Moshi, angalieni. Mtoto wa darasa la kwanza akimkazia macho mwenzake ng'ambo, aweza asiitambue pikipiki ijayo ubavuni. Mfundisheni kugeuza kichwa: kulia, kushoto, kulia tena.

Nanyi watu wazima, jihadharini na presha ya macho. Mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni, tena bila maumivu. Mtu hujikwaa, hugonga mlango, akasema ni uzee. Jaribio letu la kidole halitoshi kuugundua. Kilichopotea hakirudi, lakini dawa ya matone au upasuaji huweza kuzuia usizidi. Ukitimiza miaka 40, au kama mzazi wako aliugua, usingoje: nenda hospitali ukapimwe.