Aliyepigwa Kichwani Asiseme Yamekwisha

Niliwahi kupigwa kirungu cha kichwa nikiwa kazini. Nilikuwa na kijidaftari mkononi, watu wanakimbia, askari akanifikia. Sikuzimia. Niliona nyota, nikakaa chini kidogo, na jioni nikaandika habari yangu. Kwa siku mbili kichwa kiliuma na mwanga ulinichoma macho. Sikwenda hospitali, maana kwetu asiyetoka damu hajaumia.

Yalinirudia hayo hapa Uingereza ninakoishi ukimbizini, kwa sababu ya mpira. Jeff Astle, mshambuliaji wa zamani wa West Bromwich Albion, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 tu, kumbukumbu zimemtoka. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni kazi yake, yaani kupiga mpira kwa kichwa miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2014 Dakta Willie Stewart wa Glasgow aliuchunguza upya ubongo wake na kukuta maradhi tuliyozoea kuyasikia kwa mabondia. Mwaka 2019 Stewart na wenzake wakaonyesha kuwa wachezaji wa kulipwa wa zamani wa Scotland wamekufa kwa maradhi ya kuoza ubongo mara tatu na nusu zaidi ya wananchi wa kawaida. Hawakupigwa nyundo wale. Ni vishindo vidogo vidogo.

Na sisi tusiocheza? Utafiti wa Denmark wa mwaka 2018, uliohusu watu milioni 2.8, ulikuta kuwa hata mtikisiko mmoja mwepesi wa ubongo unaambatana na ongezeko la asilimia 17 la hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Asilimia 17 si hukumu, wengi hawataugua. Lakini vipigo hujumlishana. Mwaka 2023 watafiti wa Exeter na Oxford walipima watu zaidi ya 15,000 wenye miaka 50 hadi 90, na waliotikiswa mara tatu au zaidi walipungukiwa umakini na uwezo wa kupanga mambo.

Mara tatu! Kijana wa bodaboda Dar au Mombasa huanguka mara ngapi? Anajipangusa vumbi, watu wanacheka, anawasha pikipiki. Kofia ngumu imening'inia kwenye usukani ili trafiki aione. Miaka 30 baadaye akianza kuuliza swali moja mara tano, tutasema ni uzee, au karogwa. Kule Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, nami najiuliza ni wangapi walikuwa wagonjwa tu.

Sisi tunaotuma pesa nyumbani huuliza presha na sukari. Tuulize pia nani kaanguka. Aliyegongwa asipande pikipiki siku hiyo, apumzike siku moja au mbili. Akitapika, akisinzia ovyo au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali usiku huo huo. Na pesa ya kofia itumwe kabla ya pesa ya simu mpya.

Juzi nilikwama kabisa kutafuta jina la mhariri wangu wa kwanza. Huenda ni umri, nina miaka 47. Hata hivyo nimeandika tarehe mbili kwenye karatasi, ya kirungu na ya siku nilipoteleza kwenye barafu hapa, nikampa mke wangu aiweke pamoja na pasipoti.