Kiinimacho Si Uongo

Wenzangu wa kalamu, kuna swali limenichosha. Ukimwonyesha mtu picha isiyo na sura ya binadamu, atakuuliza: "Sasa hii ina funzo gani?" Juzi niliwafungulia wenzangu kitabu cha picha za Barbara Kasten, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1936. Mmoja akacheka: "Huu usanii tu, bwana! Mtu yuko wapi?"

Hebu tusikilizane. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama huyu alianza mfululizo alioupa jina la Constructs. Ndani ya studio alipanga vioo, wavu wa chuma na maumbo ya pembetatu na duara, akavimulika kwa taa za rangi, kisha akapiga picha kwa Polaroid. Hakukata picha akaibandika juu ya nyingine. Mwaka 1988 alikuwa Atlanta, kwenye jumba la High Museum, anafanya mambo yaleyale kwa vioo na taa kubwa.

Ukiziangalia, hujui sakafu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Kioo kilichoinamishwa kinaleta kipande cha chumba mahali ambapo hakipo. Taa nyekundu ikizibwa, inabaki ya buluu peke yake, basi kivuli nacho kinakuwa cha buluu. Na kamera ina jicho moja, haipimi umbali kama macho yetu mawili. Kila kitu kilikuwapo chumbani, na bado tunapotea.

Eti huo ndio uongo? Uongo niujuao mimi ni wa ile picha ya mtoto wa Kiafrika mwenye njaa inayozungushwa Ulaya. Mpigaji kachagua pa kusimama. Duka la jirani kaliacha nje, na mama anayepika kamwacha nje. Hiyo tunaiita ukweli mtupu kwa sababu ina mtu! Ya Kasten inakuonyesha kingo za vioo waziwazi. Ukitulia nayo unaanza kugundua umedanganyikaje.

Na sisi je? Tunaandika hadithi ya msichana aliyekuja mjini akaharibika, tunabandika funzo mwishoni, tunasifiwa kwamba tumekomaa. Jua la saa kumi linaingiaje chumbani kwake? Hatujui, hatukuangalia. Mimi mwenyewe nimeandika tatu za namna hiyo, na zote nimezichana.

Mtu unayemtafuta ndani ya picha ile, ndugu yangu, ni wewe uliyesimama mbele yake, unayejiuliza kama macho yako yanaaminika. Huyo hatoshi?

Naomba nieleweke. Sisemi tuache kuandika njaa wala kodi ya chumba. Nasema tusimfukuze kijiweni anayetaka kuandika mwanga. Mwenye hoja ashike kalamu, anijibu.