Kigari Kisichoguswa ni cha Nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu alirudi likizoni kutoka Dubai, anakofanya kazi. Alituletea zawadi kama ilivyo ada ya msafiri: udi kwa mama yake, kanzu kwangu, na mwisho kabisa akatoa kisanduku akakiweka mezani kwa mikono miwili, kana kwamba amebeba yai. Ndani yake, nyuma ya plastiki, mlikuwa na kigari. Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, matope ya rangi ubavuni, ndogo ya kukaa kiganjani. Mjukuu wangu wa miaka mitano akakinyoshea mkono, na mpwa wangu akaruka kama aliyeona jongoo.

"Mjomba, mzuie! Kikifunguliwa hakina bei tena."

Mtoto aliurudisha mkono wake, akanitazama mimi kama atazamavyo mdai mbele ya kadhi. Nami sikuwa na hukumu. Niliona haya tu, kwamba nyumbani kwangu mmeingia mchezo ambao mtoto haruhusiwi kuucheza. Tangu siku ile nimekuwa nikiulizauliza na kusoma habari za vigari hivi, na niliyoyapata nayaleta hapa ukurasani, msomaji, ili tushauriane.

Kwanza tujue ni kitu gani. Vigari hivi si vya bati la kukunjwa wala si vya plastiki tupu. Ni vya kusubu. Zinki huchanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo, ikayeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, nayo ikaganda na kutoka ikiwa na umbo la gari. Mchanganyiko huo huitwa zamak, na ulipatikana Marekani mwaka 1929. Kisha kuna kipimo. Wakisema 1:64, maana yake urefu wa gari la kweli umegawanywa mara 64, kwa hivyo gari la mita 4 na nusu huwa kigari cha sentimita 7. Kwa kipimo cha 1:43 gari hilo hilo huwa la sentimita 10 na nusu, na kwa 1:18 huwa la sentimita 25, ambalo haliingii tena mfukoni mwa mtoto.

Na kweli mfuko wa mtoto ndio ulioanzisha mambo. Palikuwa na karakana moja London iliyoitwa Lesney, iliyoanzishwa mwaka 1947. Mmoja wa wakuu wake, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shuleni kwao, yasimuliwa, haikuruhusiwa kuchukua mchezo usioingia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baba akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara, ukaenea humo. Ndipo likazaliwa jina Matchbox, na mwaka 1953 vigari vya kwanza vya jina hilo vikatoka. Mwaka huo huo Elizabeth alitawazwa kuwa Malkia wa Uingereza, na karakana hiyo ikauza zaidi ya milioni moja ya vielelezo vidogo vya gari la farasi la kutawazwa kwake.

Sasa angalia ajabu ya tarehe. Mwaka ule ule wa 1953, kwa heshima ya taji lile lile, huku kwetu yalianzishwa mashindano ya magari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo ndiyo tuyajuayo leo kwa jina la Safari. Taji moja lilizaa mambo mawili: kule kigari cha mfukoni, huku gari la matopeni. Na hayakukawia kukutana. Mwaka 1965 kampuni ya Corgi, iliyokuwa na kiwanda chake Swansea, ilitoa Volkswagen nyekundu ya Safari ya Afrika Mashariki, na pamoja nayo ikatia ndani ya kisanduku kifaru. Volkswagen zilikuwa zimeshinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa hivyo gari lilistahili. Kifaru nacho kilistahili kwa macho ya mtoto wa Uingereza, ambaye kwake Afrika bila mnyama haikuwa Afrika.

Mimi kigari hicho nimekishika. Katika mtaa wetu wa Mji wa Kale, miaka ya sabini, palikuwa na kijana aliyekirithi kwa kaka yake. Rangi ilikuwa imebanduka, tairi moja halipo, na kifaru hakina pembe. Tulikuwa tukipanga safu barazani kwao ili kila mmoja akisukume mara moja hadi kizingitini na kurudi. Sisi wengine tulikuwa na magari ya waya, na magurudumu yetu yalikatwa kwenye soli za ndara kuukuu. Usukani ulikuwa mrefu hadi kifuani, ukaendesha huku unakimbia. Miaka ambayo njia ya Safari ilishuka hadi Pwani, hapakuwa na mtoto asiyekuwa Joginder Singh au Shekhar Mehta kutoka alasiri hadi magharibi.

Nakumbuka siku moja niliingia chuoni na gari langu la waya. Maalim akalichukua, akaliweka juu ya rafu karibu na misahafu. Nilidhani limekwenda. Tulipomaliza kusoma alilishusha, akaligeuza, akayatazama magurudumu yake, kisha akatusimulia habari ya Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, aliyekuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwuliza farasi gani huyo mwenye mabawa, naye akamjibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mabawa. Mtume akacheka. Maalim akanirudishia gari langu. Hakuongeza neno, na mpaka leo sijapata mawaidha mafupi zaidi ya yale.

Turudi kwenye habari. Viwanda vile vya Uingereza vilianguka kimoja baada ya kimoja. Kile cha Liverpool kilichotengeneza Dinky, ndugu mkubwa wa wote, kilifungwa mwaka 1979. Lesney ilifilisika mwaka 1982, na wenye Corgi wakafuata mwaka 1983. Gharama zilikuwa zimepanda, uchumi wa nchi yao ulikuwa mbaya, na tangu 1968 Wamarekani wa Mattel walikuwa wamewaletea Hot Wheels, vigari vyenye magurudumu mepesi ya kwenda mbio. Leo Matchbox na Hot Wheels zote ni mali ya Mattel, na vigari vyao hutoka Malaysia na Thailand. Wajapani wa Tomy, walioanza vigari vyao vya Tomica mwaka 1970, sasa huvitengenezea Vietnam.

Lakini badiliko kubwa si la kiwanda. Ni la mnunuzi. Watoto waliosukuma vigari miaka ya sitini na sabini walikua wakapata mishahara, na moyo ukawarudisha nyuma. Viwanda vikaliona hilo. Kwa hivyo ukitazama vigari vipya vinavyotolewa siku hizi, vingi havimlengi mtoto hata kidogo. Ni magari ya zamani yaliyofanyiwa uchunguzi hadi nambari ya usajili na tope la mlangoni, ndani ya visanduku vilivyoandikwa kwamba ni toleo la idadi maalumu. Magari ya Safari yamo: Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, Lancer aliyoshindia Joginder Singh mwaka 1974 na 1976, Toyota Celica za miaka ya themanini. Tena Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, ilifungua kalibu za watengenezaji upya.

Na palipo na hamu hapakosi mlanguzi. Mwaka 1995 Mattel walianza kutia katikati ya vigari vya kawaida vichache vya aina ya pekee, viwindwe kama hazina. Kilichokusudiwa kuwa furaha kikawa mtego. Watu wazima huingia madukani asubuhi na mapema, huchambua visanduku, huchukua vile vya pekee na kwenda kuviuza kwa bei maradufu, na mtoto anayekuja na mama yake jioni hukuta mabaki. Sisemi ni haramu, maana kigari si mchele wala unga, na hukumu hiyo nawaachia wanazuoni. Nasema ni ulanguzi, nasi wa nchi hii tunalijua neno hilo vizuri.

Hata hivyo nisiwatie wakusanyaji wote kapu moja. Kuna habari ya trekta. Mwaka 1945, katika jimbo la Iowa, Marekani, Fred Ertl alianza kutengeneza trekta ndogo nyumbani kwake. Aliyeyusha pistoni kuukuu za alumini zilizobaki vitani, akazimimina katika kalibu. Kazi ikakua, ikahamia mji wa Dyersville mwaka 1959, na leo mji huo mdogo una jumba la makumbusho ya michezo ya shambani. Kampuni yenyewe sasa imo mikononi mwa wale wale Wajapani wa Tomy, lakini mnunuzi wake bado ni mkulima. Huyo hanunui trekta yoyote tu. Hutafuta ile aliyolimia baba yake, ya mwaka ule, ya rangi ile. Akiiweka kabatini hangojei ipande bei. Anaweka shahidi wa jasho la nyumba yao.

Hapo nikaona kwamba kigari kimoja chaweza kushikwa na mikono mitatu. Mkono wa mtoto hukicheza. Mkono wa shahidi hukihifadhi. Mkono wa mlanguzi hukingojea. Miwili ya kwanza ni ndugu, kwa kuwa yote inakipenda kitu chenyewe. Wa tatu haukipendi, na kisanduku kikiwa kitupu lakini kimefungwa vizuri hautatambua tofauti.

Nasi watu wa Pwani tusidhani haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Nani ajuaye leo jinsi mtepe ulivyoshonwa? Chombo kile cha babu zetu, kilichounganishwa kwa kamba bila msumari, kilitoweka mwanzoni mwa karne iliyopita. Wataalamu waliotaka kukichunguza baadaye walitegemea picha chache, maelezo ya wasafiri, na vielelezo vidogo vilivyotengenezwa na mafundi. Nenda Makumbusho ya Lamu utazame vyombo vidogo vilivyomo. Fundi aliyechonga kielelezo labda alidhani anafanya pambo. Kumbe alikuwa akiandika kitabu.

Basi nauliza: cha kwetu cha barabarani nani anakiandika? Duniani kuna kielelezo cha Datsun iliyopita kwetu kwa siku chache, ikatuchafua matope, ikarudi kwao na kikombe. Lakini basi la Malindi, lililosubiri feri ya Kilifi kabla ya daraja la 1991, keria imejaa mafenesi na matenga ya kuku, utingo amening'inia mlangoni, mimi sijaliona katika duka lolote. Wala lori la bodi ya mbao lenye maandishi ya mafumbo nyuma. Wala matatu ya kwanza kwanza. Viwanda vya ng'ambo havina deni nasi. Vinasubu kile ambacho wateja wao wanakikumbuka. Kumbukumbu zetu ni juu yetu, na mafundi tunao: watoto wa magari ya waya, na wachongaji wa jahazi ambao soko lao ni watalii. Shule zetu zikiandaa maonyesho ya sanaa na kumwambia mtoto atengeneze gari lililombeba nyanya yake, baada ya miaka hamsini tutakuwa na mitepe mingine ya kujivunia.

Nimalizie na jambo nililojifunza katika sayansi ya vigari hivi. Vile vya zamani, hasa vya miaka ya thelathini, vingine huanza kupasuka vyenyewe kabatini bila kuguswa, hadi vikawa vumbi. Sababu ni uchafu wa madini ya risasi ulioingia katika zinki siku ya kuyeyushwa. Hauonekani, na gari hutoka likimetameta. Miaka ndiyo huutoa nje. Nilimweleza mpwa wangu habari hiyo, akaogopa, akakigeuza kisanduku chake mara mbili.

"Hiki changu hakina, mjomba. Siku hizi wanaipima zinki."

"Zinki nimekubali, mwanangu. Nakuuliza cha kwako: umekipenda kigari, au umeipenda bei?"

Alinyamaza. Kisha akamwita mtoto, akampakata, akamwonyesha gari kupitia plastiki, na kumweleza ya kwamba kijana mmoja aitwaye Shekhar Mehta aliendesha gari kama hili akashinda mwaka 1973. Kisanduku hakikufunguliwa. Kimo juu ya rafu yangu mpaka arudi tena likizoni, nami ni mwekwa amana, sina ruhusa. Lakini mjukuu wangu amekwisha niomba waya na ndara kuukuu, na jana usiku nilimkuta amelala na basi lisilo na tairi moja mkononi.

Kigari ni cha mtoto, si pambo la kabatini,
Akivute kwenye mto, wa mchanga barazani,
Kikivunjika si zito, atakumbuka moyoni,
Mlanguzi wa utoto, huuza apate nini?