HOMONI SI CHUMVI YA KUAZIMANA

SEHEMU YA 1: Kisa chenyewe

Nesi wenu nimerudi. Wiki hii sizungumzii mtoto kuota meno wala chanjo. Leo nna ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na wewe dada, mwenye watoto wawili watatu, ambaye asubuhi unamwachia mama au mama mkwe akulelee.

Mama mmoja wa miaka 51 alikuwa Dar kwa mwanawe wa kwanza. Hedhi ilishakoma mwaka na zaidi. Halali, anaamka ameloa jasho, anagombana na kila mtu halafu anajifungia chumbani kulia. Daktari wa huko akamwanzishia tiba ya homoni: kibandiko cha kubandika kwenye ngozi, na kidonge kimoja cha usiku. Ndani ya miezi miwili akawa mtu tena.

Msimu wa kulima ukafika, akarudi nyumbani, akaenda shamba Kagerankanda. Vibandiko vikaisha. Akashuka Kasulu mjini, akazunguka maduka ya dawa mpaka jua linazama, hola. Joto likarudi, usingizi ukakata. Binti yake akamhurumia. Akamwambia, "Mama, si homoni tu hizo? Chukua hivi vyangu." Akampa paketi ya vidonge vya majira.

Wiki ya tatu mama analetwa kwa bodaboda. Kichwa kinapasuka. Mguu wa kushoto umevimba, shavu la mguu ukiligusa anaruka. Presha 170 kwa 105. Rufaa siku hiyohiyo. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na damu hiyo ikisafiri mpaka kwenye mapafu, mtu anaondoka unamwangalia.

Mama yu hai. Lakini swali la yule binti bado linanisumbua: "Sista, kwani homoni si homoni?"

Hapana mdogo wangu. Si hivyo. Na ngoja niseme mapema: yule binti si mjinga. Sisi ndio hatukuwahi kumwambia.

SEHEMU YA 2: Homoni si homoni

Tuanzie mwanzo. Kukoma hedhi ni pale mwanamke anapomaliza miezi 12 bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya vurugu: hedhi inaruka, inakuja nyingi, inakata, inarudi. Mayai yanaisha, na estrojeni iliyokuwa inatengenezwa na ovari inashuka. Ndiyo hayo joto la ghafla, jasho la usiku, moyo kwenda mbio, usahaulifu, ukavu ukeni, mifupa kupungua nguvu.

Tiba ya homoni inarudisha estrojeni kidogo, ya kutuliza dalili. Vidonge vya majira kazi yake ni nyingine, ni kuzuia yai lisitoke. Estrojeni iliyomo kwenye vidonge vingi vya majira ni ya kutengenezwa na ina nguvu kuliko ile ya tiba. Kidonge ukikimeza kinapita kwenye ini, na ini linazidisha vitu vinavyogandisha damu. Binti wa miaka 24 mwenye presha nzuri na asiyevuta sigara, mwili wake kwa kawaida unahimili. Mama wa miaka 51 mwenye presha asiyoijua, hapo unacheza na moto. Ndiyo maana ukija kliniki nakupima presha kabla sijakupa paketi. Unadhani nakupotezea muda?

Kibandiko na jeli njia yake ni tofauti. Dawa inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu bila kuanzia kwenye ini. Kwa kipimo cha kawaida, haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama kidonge kinavyofanya. Kwa mama mwenye presha, mwenye uzito mkubwa, au aliyewahi kugandisha damu, njia ya dawa ni jambo la kuamuliwa na daktari. Halichaguliwi dukani.

Mfano mnaoujua: sindano ya miezi mitatu. Ndani yake kuna medroksiprojesteroni, miligramu 150 mara moja. Homoni hiyohiyo ipo kwenye vidonge vidogo vya miligramu 2.5 vya kila siku, ambavyo vimetumika kwenye tiba ya kukoma hedhi. Jina moja, lakini umbo, kipimo na kazi ni tofauti. Chumvi unaweza kuazima kwa jirani. Homoni huazimi.

SEHEMU YA 3: "Vumilia mama, ni umri"

Sasa nijipige na mimi.

Miaka ya mwanzo ya kazi, alikuja mama analalamika joto linampanda usiku, anatetemeka, anatoka jasho. Kigoma malaria ipo kweli, hilo hatubishani. Nikapima, hakuna malaria. Nikampa dawa ya malaria hivyohivyo. Akarudi. Nikamwandikia dawa ya UTI. Akarudi tena. Nikamwambia ni presha ya mawazo, apunguze kufikiri. Sikumuuliza hata mara moja hedhi yako ya mwisho lini. Mara tatu alilipa nauli, mara tatu nilimrudisha na ugonjwa ambao hakuwa nao. Nilikuwa na cheti cha uuguzi ukutani.

Na nyumbani je? Juni yetu hapa milimani baridi unaijua, watu wanajifunika blanketi mbili. Mama anaamka saa nane usiku anafungua dirisha. Baba anasema mke wangu kachanganyikiwa, au ana mtu. Mkwe anasema mama mkwe siku hizi ana roho mbaya. Majirani nao wana lao, na wewe unalijua neno lenyewe, maana mwanamke mzee mkali asiyelala usiku hapa kwetu anaitwa nini? Watu wamefukuzwa majumbani kwa neno hilo.

Halafu ninyi mnasema "bibi zetu hawakutumia dawa hizo". Ni kweli. Bibi zetu pia walizaa bila mkunga, na wengine tuliwazika wakiwa na mtoto tumboni. Hatukusema tuendelee vilevile kwa heshima yao.

Na hili nawaambia viongozi na wenzangu wa idara. Zahanati nilizofanyia kazi zina sindano, vidonge, vijiti, vitanzi, na vyote ni bure. Nafurahi, vimeokoa wanawake wengi. Lakini homoni za mama aliyemaliza kuzaa sijawahi kuziona kwenye kabati hilohilo. Maana yake ni kwamba tunamjali mwanamke akiwa na tumbo la kubeba mimba. Likishafunga, tunamwambia avumilie. Kliniki inaitwa Baba, Mama na Mtoto. Mama akifika miaka 50 anaacha kuwa mama?

SEHEMU YA 4: "Lakini inaleta saratani"

Hili nimeulizwa inbox mara nyingi, na ni swali halali.

Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 16,000 waliopewa vidonge vya estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni, au vidonge visivyo na dawa. Saratani ya matiti iliongezeka kwa waliomeza dawa. Iliongezeka kiasi gani? Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, walioipata walitoka 30 wakafika 38. Nyongeza ni watu 8. Si sifuri, na sitakudanganya kuwa ni sifuri. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walishapita muda mrefu tangu hedhi ikome. Mama wa miaka 50 anayeanza leo kwa sababu halali usiku si mtu yuleyule.

Kuna ambao haiwafai. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Anayetoka damu ukeni bila sababu kujulikana. Mwenye ugonjwa mkali wa ini. Aliyepata kiharusi au damu kuganda, huyo lazima daktari amchambue kwanza. Na mwenye kizazi bado hapewi estrojeni peke yake. Lazima aongezewe projesteroni, maana estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani humo. Kile kidonge cha usiku alichopewa yule mama kule Dar kilikuwa cha hilo. Msiseme "hiki kidogo naacha, naona hakina kazi".

SEHEMU YA 5: Ukibadilishiwa aina ya dawa

Hii ndiyo ya kuhifadhi kwenye simu.

Vibandiko vikikosekana, daktari anaweza kukuhamishia kwenye jeli au kidonge. Kuhama si kosa lako, wala si kwamba tiba imeshindikana. Lakini mwili unahitaji muda. Wiki za kwanza unaweza kupata matiti kujaa, kichwa, kichefuchefu, matone ya damu, au joto kurudi kidogo. Kwa wengi vinatulia ndani ya miezi mitatu. Usiache wiki ya pili ukasema imenikataa. Usichanganye ya zamani na mpya ili ifanye kazi haraka. Nunua daftari la mtoto la shule, kila siku andika: nimelala vipi, joto mara ngapi, damu ipo au haipo. Ukirudi kliniki njoo nalo. Linamsaidia daktari kuliko "nasikia vibaya tu".

Kibandiko: ngozi kavu, safi, isiyopakwa mafuta, chini ya kiuno, kamwe si kwenye ziwa. Vingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Kama unalima juani, bandika mahali ambapo kanga haisugui.

Jeli: paka kila siku, iache ikauke, nawa mikono. Na hapa nisikilizeni wazazi wa watoto wadogo: bibi akipaka jeli mkononi, halafu akambeba mjukuu ngozi kwa ngozi, dawa inaweza kumwingia mtoto. Apake pajani, akauke, avae, ndipo ambebe.

Kidonge: saa ileile kila siku. Kama kinachefua, meza na chakula.

Na hii wengi hawajui: tiba ya homoni haizuii mimba. Ukiwa na miaka 50 na zaidi, endelea kujikinga mpaka mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Ukiwa chini ya 50, miaka miwili. Na kama uko kwenye sindano, hedhi kukata si ushahidi, kwa sababu sindano yenyewe inaikata. Njoo tuzungumze kabla hujajitangazia.

Kimbia hospitali siku hiyohiyo ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, pumzi inakata, kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida, au macho kupoteza nuru. Na ukitoka damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, usiseme "ujana umerudi". Upimwe.

Nimalizie. Dada, leo ukirudi nyumbani muulize mama yako maswali mawili: analala? Siku zake za mwisho lini? Usimpe paketi yako. Mpe nauli, na umsindikize. Baba, mkeo akifungua dirisha saa nane usiku, msogezee maji ya kunywa, uache kumhesabia wanaume. Na wewe nesi mwenzangu, kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, uliza swali ambalo mimi sikuuliza.

Yule mama amerudi kwake. Hatumii tena estrojeni, daktari aliona damu iliyoganda imefunga mlango huo kwa sasa, akampa njia nyingine isiyo ya homoni. Joto bado linampata, kwa nafuu. Juzi nilimkuta njiani, akaniambia, "Sista, ningejua mapema."

Basi wewe umejua. Mtumie na mwenzio.