Droni Ikiua, Nani Ajibu?

Machi 2016 mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimfunga bingwa Lee Sedol mara nne kwa moja katika Go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe ambao wataalamu wengi walidhani kompyuta haitauweza karibuni. Agosti 2020 ikafuata zamu ya anga. Katika mashindano ya DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, programu nyingine ilimshinda rubani wa F-16 mara tano mfululizo, wote wakipigana kwenye skrini.

Wapo wanaotaka tuamini kwamba akili mnemba imefuzu kwenda vitani. Hatukubali. Katika Go ubao mzima uko wazi na mshindi habishiwi. Hata kwenye lile pambano la ndege, programu ilijua kila wakati adui yuko wapi, na ilimvamia uso kwa uso kwa namna ambayo marubani hukatazwa mazoezini. Haikuwa na roho ya kupoteza.

Vita vya kweli haviko wazi hivyo. Tarehe 29 Agosti 2021, wanajeshi wa Marekani waliifuatilia kwa droni Toyota nyeupe mjini Kabul kwa takriban saa nane, kisha wakaipiga kombora. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na yale wanajeshi waliyodhani ni mabomu yalikuwa madumu ya maji. Watu 10 waliuawa, 7 wakiwa watoto. Mkuu wa majeshi alilitetea shambulio hilo hadharani. Waandishi wa habari walipofukua ukweli, Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikakiri kosa Septemba 17. Mkaguzi wa jeshi la anga akasema hakuna sheria iliyovunjwa, na Desemba ikatangazwa kuwa hakuna atakayeadhibiwa.

Hapo walikuwepo watu, wenye majina na vyeo, na bado hakupatikana wa kujibu. Mashine ikiachiwa ichague yenyewe wa kumpiga, kila mmoja atamsukumia mwenzake lawama: kamanda atamtaja mtengenezaji, naye mtengenezaji atasema jeshi liliitumia vibaya.

Huku Afrika, Desemba 2023 droni ya jeshi la Nigeria iliwapiga waumini waliokuwa kwenye Maulidi kijijini Tudun Biri, jimbo la Kaduna, ikaua zaidi ya 80. Jeshi lilikiri mara moja na baadaye likasema wawili watafikishwa mahakama ya kijeshi. Hatua hiyo ni ndogo, lakini imeizidi Kabul.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitaka mkataba wa kuzuia silaha zinazojichagulia shabaha upatikane ifikapo 2026. Serikali zetu ziunge mkono. Na kabla ya kununua droni yoyote ya silaha, wabunge wadai mambo mawili: jina la afisa aliyeidhinisha kila shambulio liandikwe kabla ya kombora kuruka, na jeshi lisijichunguze lenyewe.