Sanduku la Zabuni na Mlango wa Bohari

Mwezi uliopita mzee mmoja, mkulima wa mahindi na mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, alinisimamisha njiani tulipokuwa tukitoka ibadani. "Bwana Karani," akasema, "wewe wakaa ofisini, hebu nieleze. Barabara yetu ya kwenda mjini ilitiwa mabomba ya saruji ya kupitishia maji mwaka jana, na mvua ya kwanza ya masika imeichukua. Siku nne nimemwaga maziwa kwa kuwa gari halifiki. Zabuni ile ilitangazwa, na mpwa wangu alileta yake akashindwa. Nilifuatana naye siku ya kufungua sanduku, nikasikiliza kila bei ikisomwa, wala sikuona mwizi. Basi mwizi alipita wapi?"

Nilimwahidi kumjibu katika ukurasa huu, maana wasomaji wengi wameniletea swali kama hilo.

Mpaka mwaka 2013 miji yetu midogo ilikuwa na halmashauri zake chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Halafu kazi hiyo ikaingia mikononi mwa serikali za kaunti 47, na mji uliopewa hadhi ya manispaa huwa na bodi na meneja wake kwa mujibu wa sheria ya miji na majiji ya mwaka 2011. Lakini katika kununua, mji mdogo haukupewa sheria ndogo. Kifungu cha 227 cha Katiba chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa kushindania na wa gharama nafuu, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 yaeleza namna ya kuyafanya hayo.

Sheria hiyo ina macho makali sana mwanzoni mwa safari. Afisa mhasibu haruhusiwi kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha kwamba fedha zimo katika makadirio yaliyopitishwa. Haruhusiwi kuikata kazi moja vipande vipande ili kila kipande kionekane kidogo na kiepuke mashindano. Siku ya kufungua zabuni, kamati ya watu wasiopungua watatu hukaa mara tu saa ya mwisho inapopita, na mmoja wao lazima awe mtu asiyehusika na kuzishughulikia wala kuzipima. Walioleta zabuni wana ruhusa ya kuwapo wao au wajumbe wao. Majina husomwa kwa sauti pamoja na bei, na bei iliyosomwa hapo ndiyo bei. Hairekebishwi tena, hata kama mtu alikosea kujumlisha. Naam, nimepata kuona kijana aliyesahau sifuri moja akitoka chumbani akishika kichwa.

Upimaji nao hupewa siku 30 tu. Zamani, chini ya sheria ya mwaka 2005, kamati ya zabuni ndiyo iliyotoa kazi, na kamati ikikosea ilikuwa vigumu kumpata mwenye kosa. Sasa afisa mhasibu ndiye atoaye, baada ya kupata maoni ya maandishi ya mkuu wa ununuzi, na jina lake li chini ya barua. Aliyeshindwa asiporidhika ana siku 14 za kupeleka shauri lake kwenye bodi ya rufani, nayo bodi yatakiwa kuamua katika siku 21.

Kwa hiyo mzee hakukosea. Pale sandukuni hapakuwa na mwizi, maana pana macho mengi.

Sasa tutoke chumbani twende bohari. Nayasema yafuatayo kwa kuwa nalikuwepo, ila mji wenyewe sitautaja.

Sheria ileile, katika kifungu cha 48, yazungumza juu ya kamati ya kukagua na kupokea. Ina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Kazi yao ni kuhesabu vilivyoletwa, kuvipima panapohitajika, kuvilinganisha na mkataba, kisha kuvikubali au kuvikataa. Wakikubali hutoa hati, na hati hiyo ndiyo humpa mkandarasi haki ya kulipwa. Hakuna gazeti linalotangaza siku ya kazi hii. Walioshindwa hawaalikwi. Aghalabu ni karani, mtunza bohari na afisa mmoja aliyeitwa kutoka kwenye kazi nyingine, wamesimama uani na lori linanguruma.

Lori letu lilifika Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mkataba ulisema mabomba ya upana wa sentimita 60. Niliyatazama nikayaona membamba. Futi ya kupimia ilikuwa ndani ya ofisi, mwendo wa hatua thelathini. Mwenyekiti alikuwa ametia sahihi mezani pake bila kutoka nje, na mwenzangu alikuwa ametia yake. Dereva akasema ana safari ndefu. Basi nami nikaandika jina langu. Jumatatu nilikwenda na futi, nikapima: sentimita 45. Nilimwambia mwenyekiti, akanijibu kwamba hati imekwisha kwenda kwa mhasibu, tena robo ya upana si kitu.

Hapo ndipo hesabu ya shule inapofaa. Upana umepungua kwa robo, lakini mdomo wa bomba ni duara, na nafasi ya kupitisha maji imepungua kwa karibu nusu. Maji ya masika yakikosa nafasi chini ya barabara hupanda juu yake, yakachukua changarawe na udongo.

Liko jambo lingine ambalo mzee hakuliuliza, nami naliona ndilo kubwa zaidi. Mpwa wake alishindwa kwa nini? Alipiga hesabu ya mabomba ya sentimita 60, kwa maana ndivyo tangazo lilivyosema. Aliyeshinda alitaja bei ya chini, na wapimaji walifuata sheria walipomchagua. Lakini mtu anayejua kwamba mlango wa bohari umelegea aweza kutaja bei ya chini bila hofu, kwa kuwa hana nia ya kuleta kilichoandikwa. Hivyo uvivu wa watu watatu uani huyaharibu mashindano yaliyofanyika chumbani miezi mingi nyuma, na mwaminifu ndiye anayerudi nyumbani.

Wakandarasi nao wana malalamiko yao ya haki. Wengi husubiri malipo miaka, ijapokuwa sheria yasema deni lililopita muda wake lilipwe pamoja na riba, isipokuwa mkataba umesema vingine. Mtu akijua atasubiri hivyo, hupandisha bei au hupunguza saruji. Simtetei, ila afisi isiyolipa haina uso wa kukagua kwa ukali.

Mwaka 2025 Serikali ilianza kuhamishia zabuni kwenye mtambo wa intaneti, jambo lililozusha mabishano mpaka mahakamani. Mtambo waweza kulinda sanduku vizuri. Lakini kompyuta haitoki nje kupima bomba.

Nilimpa mzee shauri moja. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba hati zilizo mikononi mwa serikali. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, halitozwi ada ila gharama ya kunakili, na ofisi yapaswa kutoa uamuzi katika siku 21. Nilimwambia aombe hati mbili kwa pamoja, mkataba na hati ya kupokea, kwa maana moja bila ya pili haisemi lolote.

Aliandika mwenyewe, kwa kalamu, ukurasa mmoja. Nakala alizipata wiki iliyopita, akaja nazo kwangu jioni zikiwa katika bahasha. Katika mkataba, sentimita 60. Katika hati ya kupokea, imeandikwa kwamba vyote vimeletwa kama ilivyoagizwa, na chini yake majina matatu.

Alivaa miwani, akasoma polepole. Alipofika la tatu aliniangalia, akauliza, "Mwanangu, huyu ni wewe?"

Nikamwambia ndiye mimi.