Ali au Tyson: tuwaulize watoto swali la pili



Wengi wenu mnayajua makelele ya siku ya posho jioni, vijana wakiwa wamekusanyika mbele ya nyumba na telefoni moja inapita katika mikono ya watu kumi. Mmoja anasema Muhammad Ali katika siku zake za nguvu angempiga Mike Tyson. Mwingine anaapa kwamba Tyson angemaliza kazi katika raundi ya kwanza. Wa tatu anamtaja George Foreman, wa nne Joe Louis. Hakuna anayemsikiliza mwenzake, na mara nyingine mabishano juu ya ngumi za Wamarekani yanaisha kwa ngumi za watoto wetu hapa Bulambika. Ndipo mama anatoka na kuwafukuza: "Nendeni mkateke maji!"

Tunawaomba, kabla ya kuwafukuza, mkae nao kidogo. Ndani ya mabishano hayo kuna somo, ila linahitaji mtu mzima wa kuuliza swali la pili. Swali la kwanza ni "nani angeshinda?" La pili ni "unajuaje?"

Kijana akiulizwa hivyo, kwa kawaida anajibu kwa hesabu. Fulani alimpiga fulani, na huyo alimpiga yule, basi wa kwanza ni mkubwa kuliko wote. Hesabu hiyo inaonekana safi kabisa. Lakini ilishajaribiwa hapa hapa katika nchi yetu, na ikakataa.

Mwaka 1974, wakati nchi inaitwa Zaire, Rais Mobutu aliwaleta Kinshasa Ali na Foreman, kila mmoja kwa malipo ya dola milioni 5. Foreman alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia, amepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja. Ali alikuwa na miaka 32. Sasa angalieni hesabu yenyewe. Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja alikuwa amemshinda Ali. Waliporudiana naye, Ali aliwashinda kwa pointi tu. Foreman yeye aliwaangusha wote wawili, kila mmoja katika raundi ya pili. Kwa hesabu ya vijana wetu, Ali hakuwa na nafasi, na wajuzi wengi wa wakati ule walifikiri hivyo hivyo. Wengine waliogopa kwamba angeumizwa vibaya.

Tarehe 30 mwezi wa 10, saa kumi ya alfajiri kule Kinshasa, kwetu huku mashariki ikiwa saa kumi na moja, wakaanza. Ali aliegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige mpaka mikono yake ikawa mizito. Katika raundi ya nane Ali akamwangusha. Watu waliojaa uwanjani, ambao leo wanauita uwanja wa Tata Raphaël, waliona hesabu inavunjika mbele ya macho yao. Hesabu ilijua nguvu za ngumi. Haikujua uvumilivu, wala akili ya mtu aliyeona kwamba mwenzake amezoea kumaliza kazi mapema.

Wale wa Tyson watasema yeye alikuwa mtu mwingine. Ni kweli, mwaka 1986 alikuwa bingwa akiwa na miaka 20 tu, na hakuna kijana kuliko yeye aliyepata kuwa bingwa wa uzito huo. Lakini waulizeni juu ya Tokyo, mwezi wa 2 mwaka 1990. Tyson alikuwa na miaka 23, ameshinda mara 37, hajashindwa. Alipigana na Buster Douglas, mtu ambaye karibu wote walimdharau. Douglas alikuwa amefiwa na mama yake wiki chache tu kabla ya siku ile. Alianguka katika raundi ya nane, akaamka, na katika raundi ya kumi akamwangusha Tyson. Walipomuuliza nguvu ile aliitoa wapi, akamtaja mama yake. Wamama, mambo ya namna hiyo yanaandikwa wapi katika hesabu ya nani ni mkali kuliko nani?

Kuna waliofikiri mashine itamaliza ubishi. Mwaka 1969 Wamarekani waliiuliza kompyuta swali hili hili la watoto wetu: Ali na Rocky Marciano, kila mmoja katika siku zake za nguvu, nani angeshinda? Marciano alikuwa ameacha ngumi mwaka 1956, ameshinda mara 49 bila kushindwa. Wote wawili wakaitwa kuigiza mbele ya kamera, Marciano akiwa na miaka 45 na nywele za bandia kichwani. Walipiga picha za miisho mbalimbali, na wao wenyewe hawakuambiwa ni upi utakaoonyeshwa. Marciano alikufa katika ajali ya ndege kabla filamu haijatoka. Ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1970, Marciano alishinda katika raundi ya 13. Ulaya wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali ndiye mshindi. Hata mashine, basi, ilitoa jibu kwa kuangalia nani anatazama.

Lakini jambo kubwa kuliko yote liko katika maneno yale "siku zake za nguvu". Muwaulize vijana: siku za nguvu za Ali zilikuwa mwaka gani? Watatafuta, na watakuta shimo. Mwezi wa 4 mwaka 1967, akiwa na miaka 25, Ali alikataa kuingia jeshi la Marekani kwenda vita vya Vietnam. Wakamnyang'anya ubingwa, wakamzuia kupigana, na korti ikamhukumu miaka 5 ya gereza. Hakufungwa kwa sababu alikata rufaa, na mwaka 1971 korti kuu ilifuta hukumu ile. Lakini alirudi kwenye ulingo mwezi wa 10 mwaka 1970, miaka mitatu na nusu ikiwa imepita, na miguu yake haikuwa tena miepesi kama zamani. Kwa hiyo Ali wa siku za nguvu kabisa hakuna mtu aliyemwona. Aliyeshinda Kinshasa ni yule aliyebaki baada ya kupokonywa miaka yake.

Sisi wa Bunyakiri tunaelewa neno hilo kuliko wengi. Katika darasa moja hapa kwetu anakaa mtoto wa miaka 11 karibu na mwingine wa miaka 16, na wakubwa wanachekwa. Wanaitwa wazee, wanaambiwa wamechelewa. Lakini miaka yao ilienda wapi? Mmoja alikuwa porini na wazazi wake wakikimbia risasi. Mwingine alishika bunduki wakati wenzake wanashika kalamu. Msichana mmoja alipata mimba, na masomo yake yakaishia hapo. Tukiwapima kwa umri peke yake, tunafanya hesabu ileile iliyokosea Kinshasa.

Na anayesema wakati wa mtu ukipita umepita, mwambieni habari za Foreman baada ya siku ile. Mwaka 1977 aliacha ngumi, akawa mhubiri. Alikaa miaka kumi bila kupigana. Akarudi mwaka 1987, mnene, watu wakamcheka. Tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer na kuwa bingwa wa dunia tena. Siku hiyo alivaa bukta ileile aliyoivaa aliposhindwa Kinshasa, miaka 20 mbele. Alikuwa ameitunza.

Neno moja kwa ajili ya mabinti zetu. Wakati wavulana wanabishana, wasichana wanamenya mihogo na kunyamaza, kana kwamba mambo haya hayawahusu. Waambieni kwamba tarehe 8 mwezi wa 6 mwaka 2001, Laila, binti ya Ali, alipigana na Jacqui, binti ya Frazier. Laila alikuwa na miaka 23. Jacqui alikuwa na miaka 39, mwanasheria na mama wa watoto watatu. Walimaliza raundi zote nane, na Laila alishinda kwa pointi. Hatusemi kila binti avae glovu. Tunasema binti naye akae kwenye mabishano na aulizwe anavyofikiri.

Basi juma hili, tunawaomba kila mama ajaribu. Vijana wakianza, mama akae kwenye kiti, awape maswali matatu. Unajuaje? Unasema mwaka gani wa maisha yake? Na ni kitu gani ambacho hesabu yako haikukiona? Kila mmoja aseme mpaka mwisho bila kukatwa, halafu mwenzake arudie alichosikia kabla ya kukijibu. Mtakuta makelele yanapungua, kwa maana anayetafuta sababu hana nafasi ya kutukana.

Nasi wakubwa, siku ya mkutano wa AVEC, kabla ya kufungua sanduku, tujiulize kila mmoja: ni mtoto gani katika nyumba yangu, au ni mama gani katika kikundi chetu, tuliyekwisha kusema wakati wake umepita? Wazee walisema kutangulia si kufika. Mwezi wa 9 shule zinafungua milango. Yule wa miaka 16 aandikishwe, na mama anayetaka kujifunza kusoma aje naye, asione haya.

Tuonane juma lijalo.